Daftari la Fundi wa Land Rover

Ndugu msomaji, safari yetu ya leo ni ndefu. Tunakwenda Uingereza. Majumba ya wafalme na madaraja ya London tutayaacha kwa siku nyingine. Leo tunakwenda kutazama gari kuukuu. Gari lenyewe unalijua. Huenda limewahi kumpeleka mgonjwa wako hospitali. Huenda limewahi kuleta chanjo, mbegu au bwana shamba kijijini kwako wakati barabara imejaa tope. Gari hilo ni Land Rover.

Tunaanzia ufukweni. Kaskazini-magharibi ya nchi ya Wales kuna kisiwa kinachoitwa Anglesey. Watu wengi wa kisiwa hicho wanazungumza lugha yao wenyewe, Kiwelisi. Upande wa mashariki wa kisiwa kuna ghuba inayoitwa Red Wharf Bay. Wenyeji wanaiita Traeth Coch, maana yake Pwani Nyekundu. Maji yanapokupwa, bahari inakwenda mbali sana. Mchanga unabaki wazi, mgumu na tambarare. Msomaji wa Bagamoyo ataelewa mara moja pakoje.

Mwaka 1947 alikuwapo hapo Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya magari ya Rover. Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa hicho. Kazi za shamba alizifanya kwa Jeep, gari la jeshi la Marekani lililobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Jeep hilo lilikuwa limechakaa. Wilks akaona ni afadhali kampuni yake itengeneze gari la mkulima. Akachora umbo la gari hilo kwenye mchanga, akamwonyesha kaka yake, Spencer Wilks, ambaye ndiye aliyeongoza kampuni. Maji yakajaa, mchoro ukafutika. Lakini gari lilitengenezwa. Mwaka 2015 Land Rover sita zilirudi katika ufuko huo zikiburura haro, zikachora picha ya gari yenye upana wa kilomita moja. Bahari ikaifuta nayo pia.

Wakati ule Uingereza ilikuwa imetoka vitani. Chuma kilikuwa haba na kiligawiwa kwa mgao. Kampuni iliyouza bidhaa nchi za nje ndiyo iliyopewa chuma zaidi. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo bodi ya gari ikatengenezwa kwa alumini, madini yale yale ya sufuria unayopikia ugali. Sehemu ya chini, ile inayobeba gari zima, ilitengenezwa kwa chuma. Mafundi huiita chasisi. Vipande vya bamba la chuma viliunganishwa kwa kuchomelewa pande nne, vikawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Kumbuka uwazi huo. Tutaurudia, maana ndimo adui anamoingilia.

Gari lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, nchi ya Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Bei yake ilikuwa pauni 450. Injini ilikuwa ya petroli, yenye ujazo wa lita 1.6 hivi. Magurudumu yote manne yaliendeshwa na injini. Mkulima aliweza pia kuongeza kifaa cha kuzungusha mashine nyingine, kama msumeno wa mbao au mashine ya kupura nafaka. Wakuu wa Rover walidhani wataliuza gari hili kwa miaka michache tu, mpaka hali ya nchi itengemae. Halikukoma hivyo. Magari ya ukoo huo yaliendelea kutoka kiwandani mpaka Januari 2016, na jumla yake ilipita milioni 2.

KWENYE BUSTANI YA JIRANI

Sasa tuondoke pwani twende Solihull. Mji huu uko karibu na Birmingham, katikati ya Uingereza. Kutoka London ni mwendo unaokaribia ule wa kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro. Kiwanda kilichounda Land Rover za kwanza kiko hapa. Wakati wa vita kilitengeneza injini za ndege. Hata leo magari yanatengenezwa humo, ingawa tangu mwaka 2008 kampuni ni mali ya Tata Motors ya India.

Kule Amsterdam yalipelekwa magari matatu ya mwanzo. Yalikuwa katika kundi dogo la magari 48 ya majaribio, yaliyoundwa kabla kiwanda hakijaanza kuuza. Moja kati ya yale matatu lilipotea. Hakuna aliyeliiba. Lilipotea kama jembe kuukuu linavyopotea: mtu aliuza, mwingine akanunua, akalitumia, akalichoka.

Mara ya mwisho lilionekana barabarani katika miaka ya 1960. Baadaye likawekwa kwenye shamba huko Wales. Halikutembea tena. Lilisimama mahali pamoja miaka 20 hivi, injini yake ikitumika kuzungusha mashine nyingine. Kisha mtu mmoja akalinunua ili alitengeneze, lakini kazi haikumalizika. Injini ikashikamana. Gari likakaa bustanini, nyasi zikaota. Bustani hiyo ilikuwa maili chache tu kutoka Solihull, pale lilipozaliwa. Habari za kupatikana kwake zilitangazwa Januari 2018, mwaka ambao Land Rover zilitimiza miaka 70.

Jiulize, ndugu msomaji: waliotazama gari lile walijuaje kuwa ni lenyewe? Rangi ilikuwa imebabuka. Kila mtu anaweza kusema gari lake ni la kwanza, kama vile kila kijiji kina mzee anayesema alikuwapo siku ile.

Walijua kwa kusoma. Wataalamu wa kampuni walikaa miezi kadhaa wakichunguza kumbukumbu za zamani. Walifuata habari za wenye gari, mmoja baada ya mwingine. Kisha walilisoma gari lenyewe. Mabati yake ya alumini ni mazito kuliko ya magari yaliyofuata. Chasisi yake imepakwa zinki, kama bati la kuezekea nyumba. Sanduku la nyuma, pale pa kuweka mizigo, linaweza kufunguliwa na kuondolewa zima. Magari yaliyouzwa kwa watu hayakuwa hivyo. Karatasi zilisema jambo moja na chuma kikasema jambo lile lile.

KAZI YA KUFUNGUA

Gari likapelekwa kwenye karakana ya kampuni karibu na mji wa Coventry, si mbali na Solihull. Karakana hiyo kazi yake ni magari ya zamani tu. Lakini Uingereza kuna pia mafundi wengi wadogo wanaofanya kazi hii vibandani mwao, nyuma ya nyumba, wikiendi na jioni. Njia yao ni moja. Nataka tuitazame kwa makini, maana hapa ndipo penye mafunzo.

Fundi mwenye haraka huanza na spana. Fundi wa magari haya huanza na daftari. Gari likiwa bado zima, anapiga picha kila upande, mpaka chini ya viti. Anaandika waya gani unapita wapi. Ndipo anafungua. Kila kitu kinachotoka kinafungiwa kibandiko chenye namba. Nati na bolti za bawaba ya mlango zinakaa katika kopo lake, hazichanganywi na za boneti. Daftarini anaandika hivi:

Na. 41. Bawaba ya chini, mlango wa kulia. Ya asili. Pini imelika. Itiwe pini mpya, bawaba irudishwe.

Na. 42. Bawaba ya juu, mlango wa kulia. Si ya asili. Imetoka gari jingine. Itafutwe ya umri wake.

Gari moja linaweza kujaza daftari zaidi ya moja. Wengine watasema huku ni kupoteza wakati. Hebu fikiri. Gari linaweza kukaa limefunguliwa mwaka mzima, au miaka mitatu. Kichwa cha mtu hakiwezi kukumbuka bolti zote. Na fundi akiugua au akifa, mwenzake atakuta rundo la vyuma. Akikuta rundo pamoja na daftari, kazi itaendelea.

Fundi anajuaje kitu cha asili na kitu kilichobadilishwa? Vyuma vina maandishi. Vifaa vingi vya umeme vya magari haya vilitengenezwa na kampuni ya Lucas, na vilipigwa chapa ya mwezi na mwaka. Ukikuta dainamo ya mwaka 1948 katika gari la mwaka 1948, huenda vimekaa pamoja tangu mwanzo. Ukikuta dainamo ya mwaka 1955, unajua ya kwanza iliharibika na mtu akatia nyingine. Ribiti nazo zinasema. Za kiwandani zilipigwa na kukandamizwa pande mbili. Zile zenye tundu katikati zimetiwa na fundi wa baadaye aliyeziba mahali fulani. Fundi hodari anazisoma kama mwindaji anavyosoma nyayo.

Spana pia ni shida. Magari haya ya mwanzo yalitumia nati za vipimo vya zamani vya Kiingereza. Ukitia spana ya milimita, itaonekana inaingia, lakini ukivuta kwa nguvu pembe za nati zitalika. Nati iliyoshikwa na kutu hulowekwa mafuta siku kadhaa, pengine hupashwa moto, ndipo hufunguliwa polepole. Na jihadhari na betri. Katika magari ya leo ncha hasi ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Katika Land Rover za mwanzo ilifungwa ncha chanya. Asiyeandika mpangilio wa waya kabla ya kufungua anaweza kuunguza vifaa siku ya kuwasha.

KUTU INAKOINGIA

Watu husema Land Rover haipati kutu kwa sababu ni alumini. Wamesema nusu. Ile chasisi ni chuma chenye uwazi ndani. Maji na tope huingia, hayatoki, na kutu huanza kula ndani kwa ndani. Nje unaona rangi nzuri. Kwa hiyo fundi huchukua nyundo ndogo akapiga taratibu toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti iliyokufa, kama nazi mbovu.

Kuna jambo la pili, na wengi hawalijui. Alumini na chuma vikigusana, maji yakapita katikati, hasa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe pembeni ya bolti, na bati linavimba chini ya rangi. Dawa yake ni kutenganisha. Fundi hupaka rangi nzito katikati, au huweka kipande cha mpira au kitu kingine kisichopitisha maji, ndipo anafunga. Ukiishi karibu na bahari, kitazame kibati cha gari lolote la namna hiyo utaniambia.

Mahali pa chasisi palipooza hukatwa, na chuma kipya cha unene ule ule huchomelewa. Fundi mwangalifu hakati zaidi ya palipooza. Na kile kipande chenye namba ya gari hakitupwi kamwe, hata kikiwa kimechakaa. Kinasafishwa na kuhifadhiwa mahali pake.

Sasa tumefika kwenye ubishi mkubwa wa mafundi hawa. Je, gari lipakwe rangi mpya ing'ae? Wapo wanaosema ndiyo: gari lirudi kama siku lilipotoka kiwandani. Wapo wanaosema hapana. Wanasema mkwaruzo ule ulitokana na mkulima fulani na lango la ng'ombe, na ukiufuta umefuta maisha ya gari. Kwa lile gari la Amsterdam iliamuliwa kuwa rangi ya kijani hafifu iliyochakaa ihifadhiwe. Vivyo hivyo kwa gari jingine maarufu, lile la kwanza kabisa kuundwa kwa ajili ya kuuzwa, lenye namba ya chasisi 860001. Gari hilo lilikaa miaka mingi kwenye shamba huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Lilipofufuliwa, injini na mitambo ilitengenezwa ikafanya kazi, lakini sura yake ya uzee iliachwa.

Mimi niko upande wa hawa wa pili, ingawa najua mafundi wetu wengi wangecheka. Kwao gari lisilopakwa rangi ni kazi isiyomalizika, na mwenye gari anaweza hata kukataa kulipa. Lakini breki hazina ubishi. Breki, usukani na matairi hubadilishwa vikichakaa, viwe vya asili au visiwe. Cha zamani kinachotolewa kinaandikwa daftarini na kuwekwa kwenye sanduku, ili atakayekuja baadaye ajue kilikuwa cha namna gani.

VITABU VYA GAYDON

Kabla ya kurudi nyumbani tupite Gaydon, kijiji kilicho kusini ya Coventry. Pana jumba la makumbusho ya magari ya Uingereza. Utaliona humo gari la kwanza la majaribio ya Land Rover, lenye namba HUE 166. Waingereza wamezoea kulipa jina la utani, wanaliita Huey. Ni zuri kulitazama, lakini mimi navutwa zaidi na vitabu.

Gaydon ndiko zinakohifadhiwa kumbukumbu nyingi za viwanda vya magari. Karani wa kiwanda aliandika kila gari: namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, siku lilipomalizika, siku lilipoondoka, na lilikopelekwa. Karani huyo hakujua kuwa watu watamtafuta baada ya miaka 70. Alifanya kazi yake ya siku, akafunga kitabu, akaenda kula. Leo mwenye gari kuukuu anaweza kupeleka namba yake na malipo, akaandikiwa cheti chenye habari hizo. Kwa cheti hicho fundi anajua kama injini iliyomo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, na kama gari lililopakwa rangi nyeupe lilizaliwa la kijani.

Habari hizi zinatuhusu sisi pia. Land Rover nyingi zilipakiwa melini zikaletwa Afrika Mashariki. Nyingine zililetwa vipande vipande katika makasha na kuunganishwa Thika, Kenya, kuanzia miaka ya 1970. Zilifanya kazi katika hospitali za misheni, vyama vya ushirika, mashamba ya mkonge, polisi na mbuga za wanyama. Oktoba 2024 wenye magari haya walikusanyika Arusha kwa tamasha, wakitoka sehemu nyingi. Kwa hiyo bado zipo. Nyingi zimetiwa injini za dizeli za magari mengine, na sioni aibu yoyote hapo. Gari la kazi lazima lifanye kazi, na petroli ni ghali.

Lakini nyingine zinamalizika kimya kimya. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja, anapima kwa kilo, anaondoka. Chuma kinakwenda kuyeyushwa. Alumini inayeyushwa ikamwagwa kwenye kalibu, inatoka sufuria. Kibati cha namba kinakwenda pamoja nayo. Gari lililobeba kura za kijiji chenu, au lililomleta mwalimu wa kwanza, halina tena hata mstari mmoja wa kuonyesha kuwa lilikuwapo.

Basi kama kuna Land Rover kuukuu karibu nawe, nyuma ya zahanati au chini ya mwembe wa chama cha ushirika, chukua daftari uende ukaisome. Omba ruhusa ya mwenyewe kwanza. Tafuta kibati kidogo cha chuma kilichopigwa ribiti ndani, upande wa dereva au abiria, kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu. Kama kimeng'olewa, tazama kwenye chasisi yenyewe. Katika gari nyingi za kuanzia mwaka 1958 namba imepigwa mbele, upande wa kulia, karibu na pale springi inapoanzia. Toa tope. Sugua kwa brashi ya waya taratibu, usitumie msasa wala jiwe la kunolea, maana utaifuta. Kisha paka chaki nyeupe juu yake na uifute kwa kiganja. Chaki itabaki ndani ya mikwaruzo na namba itaonekana.

Iandike. Halafu mwite mtu mwingine aisome bila kuona ulichoandika, mlinganishe. Kwenye chuma kilicholiwa na kutu, 3 na 8 hufanana sana, na 1 huonekana kama 7.